Nani Afue Nguo ya Nani? Historia ya Kazi Moja ya Bwenini

Katika lugha yetu kitendo cha kufua kina maana zaidi ya moja. Mhunzi hufua chuma, mkulima wa pwani hufua nazi, na mwanafunzi wa bweni hufua shati lake. Kazi zote tatu zataka nguvu ya mkono na subira ya moyo. Huko Ufipa, jirani na Mpanda, wahunzi wa zamani walijenga tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, na ufundi wao uliheshimiwa. Mfua nguo, kinyume chake, hakupewa heshima ya namna hiyo. Yafaa tujiulize kwa nini, na mabweni ya shule zetu yamefanya nini kuirekebisha kasoro hiyo.

Asili yake imo katika historia. Kabla utumwa haujapigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, kufua nguo za bwana ilikuwa miongoni mwa kazi za watumwa wa nyumbani. Baadaye ikawa kazi ya ujira. Neno “dobi” lenyewe limetoka Bara Hindi, na mafundi wa kazi hiyo walifika katika miji ya pwani. Katika nyumba za maofisa wa kikoloni, mtumishi aliyeitwa “boi”, hata akiwa na wajukuu, ndiye aliyefua na kupiga pasi. Hivyo nguo nyeupe iliyonyooka ikawa alama ya mtu asiyefua. Kijana aliyekwenda shule aliiona alama hiyo, akaitamani.

Watu wa Mpanda waliipata elimu ya sekondari kwa safari ndefu. Tabora, makao makuu ya jimbo la magharibi, palikuwa na shule ya serikali iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa nia ya kuwafunza watoto wa machifu. Julius Nyerere aliingia huko mwaka 1937. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na miongoni mwa abiria wake walikuwamo wanafunzi wenye masanduku ya bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na sare mbili, shuka na mche wa sabuni. Mama alipomkabidhi mwanawe mche ule, alikuwa akimwambia pasipo maneno: huko uendako, mimi sipo.

Baada ya Uhuru swali la kazi za mikono liligeuka kuwa swali la taifa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ilitolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule ziwe jumuiya za watu wanaofanya kazi, na msomi asijitenge na wazazi wake wenye majembe. Bwenini siasa hiyo haikuhitaji hotuba. Ilihitaji ndoo, maji na Jumamosi.

Lakini siasa ni jambo moja na mazoea ni jambo jingine. Mimi niliingia kidato cha kwanza katikati ya miaka ya 1980. Tangu Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa, na sabuni ilikuwa mojawapo. Wiki yangu ya pili bwenini, kaka mmoja wa kidato cha juu aliweka ndoo ya nguo zake mbele yangu. Nilizifua kwa kipande cha sabuni alichonipa mama. Kilipokwisha, nguo zangu nikazifua kwa majani ya mpapai, kama wengi walivyofanya siku zile. Jumamosi ilipofika tulikaguliwa. Yule kaka alisifiwa kwa unadhifu. Mimi niliadhibiwa kwa uchafu.

Si hayo yanayonisumbua hadi leo. Linalonisumbua ni kwamba nilipofika kidato cha tatu, nami nilimpa mgeni ndoo. Sikumbuki kama nilimpa sabuni. Ndivyo dhuluma inavyorithiwa: aliyeonewa hungoja zamu yake badala ya kuukata mnyororo.

Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa tangu 1974, na mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Leo kijana wa huko hana haja ya kwenda Tabora kutafuta sekondari, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ndaki yake humo humo mkoani. Mabweni yameongezeka, lakini maji hayakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mto Katuma, unaolisha maziwa ya Katavi na Chada, hupungua sana wakati wa kiangazi, na kilimo cha umwagiliaji cha mabondeni kimezidisha upungufu huo. Hatuna haki ya kumlaumu mwanafunzi kwa shati chafu ikiwa bomba ni kavu.

Wapo wanachuo wanaomlipa mama wa jirani awafulie, na mijini wapo wanaotumia mashine. Malipo ya haki kwa kazi ya hiari si utwana. Hata hivyo, kijana ajifunze kwanza kufua, kuanika juani, na kuzipiga pasi nguo zake. Pasi si urembo tu: wako nzi wanaotaga mayai katika nguo zenye unyevu, na buu lao hupenya ngozini, joto la pasi huyaua mayai hayo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikusudia mgeni alime pamoja na wenyeji. Hawakukusudia wenyeji wakae kivulini. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, utakapokagua mabweni Jumamosi ijayo, usiulize tu kama shati ni safi. Uliza pia limefuliwa na nani.