Buti la Raba, Shoki za Mbele na Mteremko wa Wundanyi

Nimepotea kidogo, najua. Safari hii kosa si la umeme wala la mtandao. Nilikuwa chini ya gari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ana kliniki Voi kila mwezi, na mimi ndiye dereva wake. Gari letu ni Toyota Corolla ile watu wanaiita "110", mtumba wa Japani, mzee lakini mtiifu. Mwezi uliopita tukiwa tunapanda kutoka Mwatate, kila nikikata kona kali nasikia upande wa kushoto: ka-ka-ka-ka. Nikipita tuta, pua ya gari inaruka mara tatu nne kabla ya kutulia. Mama hajui magari lakini anajua sauti. Akaniambia, "Gari la baba yako lilianza hivi hivi." Sikumjibu. Wanaoijua barabara ile ya kutoka Wundanyi wanajua kwa nini. Wundanyi iko juu ya mita 1,300, Voi iko kama mita 600, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishusha kwenye kona, upande mmoja mlima na upande mwingine vilele vya miti.

Nilipoinama kutazama, nikaona mambo mawili. La kwanza, shoki za mbele zilikuwa zinavuja mafuta. La pili, buti la ekseli lilikuwa limepasuka. (Buti hapa si lile la nyuma la kuwekea magunia ya kabichi. Ni kifuko cha raba chenye mikunjo kama kodiani, kinachofunika jointi ya ekseli karibu na gurudumu.) Grisi ilikuwa imerushwa kote ndani ya rimu.

Nikaamua kuitengeneza nyumbani. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nina tabia moja: kitu ambacho sikukijenga siwezi kukifungua kabla ya kusoma historia yake. Ukipewa programu ya zamani, kabla hujafuta mstari unaouona wa kijinga, unatafuta aliyeuandika na tatizo alilokuwa analitatua. Mara nyingi unakuta hakuwa mjinga. Basi usiku huo nikakaa kusoma, na hayo niliyoyapata ndiyo makala yenyewe.

Tuanze hapa hapa kwetu. Magari ya kwanza kuonekana kwa wingi tambarare za Taita yaliletwa na vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, wapigane na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1916 walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce katika kampeni hiyo. Magari ya wakati ule mbele yalikuwa na mtaimbo mmoja wa chuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, umekalia springi za bapa, zile ambazo bado unaziona chini ya malori. Ni ngumu na hazivunjiki ovyo. Ubaya wake, gurudumu moja likipanda jiwe na mwenzake anainama naye.

Watengenezaji walitafuta dawa: kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake. Dawa ikapatikana, lakini ilihitaji mikono miwili ya chuma kwa kila gurudumu, bushi nyingi, shoki pembeni na springi pembeni. Vipuri vingi ni gharama nyingi.

Hapo ndipo anaingia Mmarekani Earle MacPherson. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa General Motors akiongoza mradi wa gari dogo la bei nafuu, Chevrolet Cadet, lililokusudiwa kuuzwa chini ya dola 1,000. Kwa bei hiyo huwezi kuweka vipuri vingi. Akachukua shoki, akaivika springi, akaisimamisha wima, akaifunga juu kwenye bodi na chini kwenye chuma kinachoshika gurudumu. Shoki ikawa inafanya kazi tatu: kutuliza springi, kubeba uzito, na kuwa mhimili ambao gurudumu linageukia unapokata usukani. Mkono wa juu ukaondolewa kabisa. Wazo halikuwa lake peke yake, kwa sababu Guido Fornaca wa Fiat alishakuwa na jambo la aina hiyo miaka ya 1920. Lakini MacPherson ndiye aliyelifanya liwezekane kiwandani.

Sasa sikilizeni kinachonifurahisha. General Motors waliua mradi wa Cadet mwaka 1947. Gari halikuuzwa hata moja! MacPherson akahamia Ford mwaka huo huo, na mwaka 1950 Ford ya Uingereza ikatoa Consul na Zephyr zenye shoki hizo mbele. Sisi waandika programu tunalijua jambo hili. Mradi unakufa, lakini kipande kimoja kizuri kinanusurika, kinahamia mradi mwingine, na baada ya miaka kiko kila mahali.

Kilifika Afrika Mashariki mapema. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na mwaka 1955 yalishindwa na Vic Preston na D. P. Marwaha ndani ya Ford Zephyr. Kisha ikaja Peugeot 404, nayo ina shoki za aina hiyo mbele: ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Aliyedhani kwamba kitu cha bei nafuu lazima kiwe dhaifu alijibiwa na matope ya huku kwetu.

Baada ya 404 ikaja 504, na hapo historia inaingia nyumbani. Marehemu baba alikuwa na 504 ya abiria, ile ndefu ya viti vitatu, akifanya Voi na Wundanyi miaka ya 1980. Shoki zake za mbele zilikuwa za MacPherson. Niliuliza iliishaje, nikaambiwa ilikuwa na sauti ya mbele iliyoahirishwa wiki baada ya wiki kwa sababu siku ya kulaza matatu ni siku ya kukosa hela. Siku moja chini ya Wundanyi ikamshinda kwenye kona. Hakufa mtu, lakini gari halikurudi barabarani, na baba hakuendesha matatu tena.

Fundi aliyekuwa akimtengenezea baba bado yuko hai. Mimi humwita baba mdogo. Jumamosi asubuhi alikuja na kigoda chake, akaketi, akasema, "Fanya wewe. Mimi nitatazama."

Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nikalegeza nati kubwa ya ekseli gari likiwa bado chini, mdogo wangu amekanyaga breki. Nikainua kwa jeki, nikaweka stendi mbili za chuma, kwa sababu jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nikafungua mpira wa breki kutoka kwenye shoki, kisha bolti mbili kubwa za chini, nikiwa nimetia alama ya msumari zilipokaa. Halafu nikafungua boneti. Pale juu kuna nati tatu ndogo kwenye duara, na katikati kuna moja kubwa. Nikaweka spana kwenye ile kubwa.

"Acha!"

Sijawahi kumsikia mzee yule akipiga kelele. Akainuka, akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo ya katikati ndiyo inayoshikilia springi. Ukiifungua hivi hivi itakurukia usoni."

Hapo nikaielewa kazi ya MacPherson kuliko nilivyoielewa usiku kwenye kompyuta. Kwa kuvifunga vitu vitatu kuwa kimoja, aliweka nguvu zote za kona ile ya gari mahali pamoja. Springi imekandamizwa ndani ya kile kitu hata ikiwa mezani. Unafungua zile tatu ndogo, unatoa shoki nzima, unafunga vibanio viwili vya springi pande mbili zinazokabiliana, unavikaza kidogo huku kidogo kule mpaka springi iachie vikombe vyake. Ndipo unagusa ya katikati. Si kamba, si waya. Vibanio nilikuwa nimeazima, na bila baba mdogo nisingejua vinaingia kabla ya nini.

Shoki za zamani tulipozisukuma kwa mkono zilizama na hazikurudi. Mpya zilirudi zenyewe polepole. Hapo hata mama aliona tofauti.

Sasa buti. 504 ya baba haikuwa nalo mbele, kwa sababu injini yake ilisukuma magurudumu ya nyuma. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina tatizo gumu: gurudumu lile lile linalozungushwa na injini lazima pia ligeuke kona na kupanda na kushuka. Jointi ya msalaba, ambayo jina la Mwingereza Robert Hooke limeishikilia tangu karne ya 17, inazunguka, lakini ikipinda haizunguki kwa mwendo sawa. Inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Kwenye usukani ungehisi mtetemo.

Katika mwaka 1926 ulizuka uvumbuzi pande mbili. Ufaransa, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walitoa jointi waliyoiita Tracta. Marekani, Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, akatengeneza jointi ya gololi sita zinazokaa ndani ya mifereji iliyopinda. Ukipinda jointi, gololi zinajipanga zenyewe katikati ya pembe, na mwendo unabaki sawa. Mafundi wetu huiita sivi jointi. Citroën walijenga Traction Avant ya kuvutwa mbele mwaka 1934, lakini ni Mini ya Alec Issigonis, mwaka 1959, iliyoonyesha dunia kwamba gari dogo la kawaida linaweza kutumia jointi ya Rzeppa kila siku. Corolla ilianza kuvutwa mbele mwaka 1983. Soko la Kenya lilipofunguka miaka ya 1990 na mitumba ya Japani ikamwagika Mombasa, kila familia iliyonunua ilinunua pia mabuti manne ya raba, hata kama hakuna aliyeambiwa.

Jointi yenyewe ni chuma kigumu sana. Ikiwa na grisi safi inaweza kuzeeka pamoja na gari. Lakini uhai wake wote uko mikononi mwa raba nyembamba ya shilingi mia kadhaa. Raba ikipasuka, grisi inatoka na vumbi jekundu la Taita linaingia. Grisi na mchanga vikichanganyika ni msasa. Ile ka-ka-ka ni gololi zikigonga mifereji iliyokwisha kulika.

Na hapa nikiri kosa langu. Buti hilo nilikuwa nimeliona lina ufa miezi mitano kabla. Nikasema, "Nitalishughulikia." Mtoto wa yule aliyepoteza 504! Kama ningelibadilisha wakati ule, jointi ingepona. Sasa ilibidi ninunue jointi nzima kwa maelfu.

Jambo zuri ni kwamba bolti mbili za chini ya shoki zikishatoka, chuma cha gurudumu kinalala nje na ekseli inachomoka kwenye habu bila kugusa giaboksi. Kwa hiyo kazi hizi mbili zifanyeni siku moja. Tuligonga jointi ya zamani kwa nyundo ikatoka kwenye ekseli. Tukavisha buti jipya KWANZA (ukisahau utaanza upya), tukagonga jointi mpya mpaka kiringi chake kikaingia kwa mlio, tukashindilia grisi nyeusi iliyokuja na buti, yote, tukafunga klipu. Tukarudisha bolti kwenye alama zake. Nati ya ekseli tulimalizia gari likiwa chini, ikapigwa pini mpya.

Jumatatu tuliteremka Voi taratibu, mimi na baba mdogo tu, tukapimisha mkao wa magurudumu, kwa sababu alama ya msumari si kipimo. Jumanne nikampeleka mama. Kwenye kona zote nilikuwa nimeshusha kioo, nasikiliza. Kimya. Tulipofika Mwatate mama akauliza kama redio imeharibika, mbona siiwashi.

Nilichojifunza ni hiki. MacPherson na Rzeppa walitupunguzia vipuri na wakatupa magari ambayo watu wa kawaida wanaweza kununua. Hawakupunguza kazi ya kutazama. Waliihamisha tu: kutoka kwa dereva wa kulipwa na karakana yake, ikaja kwa wewe na mimi wenye mtumba uani. Kwa hiyo jioni ya leo, kata usukani mpaka mwisho, uiname na tochi nyuma ya tairi la mbele, utazame ile mikunjo ya raba. Dakika mbili. Ukiona ufa, usiseme nililolisema mimi.

Haya, tuonane tena. Nina programu ya watu inayonisubiri tangu wiki mbili zilizopita.