Upasuaji wa kupunguza unene: kila njia ina historia yake

Ndugu msikilizaji, wiki tatu zilizopita nilipanda kwetu Lushoto kuhudhuria kikao cha ukoo. Vikao vyetu kwa kawaida huhusu mahari, mpaka wa shamba au arobaini ya marehemu. Safari hii ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni tumbo la dada yangu.

Dada yangu ni mfanyabiashara wa kabichi na karoti. Anazinunua Lukozi na kuziuza Dar es Salaam, ambako amehamia kwa miaka mingi sasa. Ana kilo 118, na urefu wake ni mita 1.60. Kisukari anacho mwaka wa tisa, na magoti yamechoka kiasi kwamba kupanda ngazi za soko ni adhabu. Daktari wake alimshauri afikirie upasuaji wa kupunguza uzito, akampa karatasi yenye njia tatu: kuwekewa puto tumboni, kukatwa sehemu ya tumbo, au kutengenezewa mchepuko wa chakula. Gharama ni kubwa, na ndiyo maana shamba la urithi lilitajwa.

Baba mdogo alisimama akauliza: "Tuuze shamba ili mtu akapunguzwe tumbo? Si aache kula tu?" Watu walicheka. Dada hakucheka. Alinigeukia mimi akasema, "Kaka, wewe ni mtu wa redio, unakaa na madaktari studio. Niambie, nichague ipi?" Nami, kwa kutotaka kuonekana sijui, nikajibu papo hapo: "Chukua puto, halina kisu."

Niliporudi kazini nilisoma, nikauliza, nikaona aibu. Jibu langu lilikuwa la mtu mwoga wa kisu, halikuwa la mtu aliyefikiri. Leo basi naomba tuiangalie historia ya jambo hili.

Tuanze na kwetu. Katika milima ya Usambara, historia yetu yenyewe imeanzia kwenye chakula. Mbegha, aliyeanzisha ufalme wa Wakilindi uliokuwa na makao yake Vuga, anakumbukwa kama mwindaji aliyewapa Washambaa nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Mtawala mzuri kwetu alikuwa yule ambaye mvua inanyesha na watu wanashiba chini yake. Njaa ndiyo iliyokuwa adui. Bibi yangu, katika miaka ya 1950, alikuwa miongoni mwa waliolazimishwa na serikali ya Kiingereza kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, kazi ambayo wananchi waliichukia na kuipinga. Mtu aliyepanda na kushuka milima hiyo akiwa na jembe mkononi na mzigo wa kuni kichwani hakuwa na nafasi ya kunenepa. Kitambi kilikuwa cha karani na mwenye duka, na kiliheshimiwa.

Hivi sasa mambo yamegeuka. Bodaboda inakufikisha mlangoni. Viazi vyetu vinashuka Mombo kwa lori na kugeuka chipsi mjini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulionyesha asilimia 28. Dada yangu hayuko peke yake, na hatukupaswa kumcheka.

Sasa tuje kwenye kisu. Mwaka 1954 madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliandika juu ya upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Wazo lilikuwa rahisi: mtu ale atakavyo, ila chakula kisipate nafasi ya kufyonzwa. Kweli watu walipungua. Lakini wengi waliharisha bila kikomo, wengine wakapata mawe ya figo, na wengine ini likaharibika hadi kufa. Upasuaji huo ulikuja kuachwa, na waliokuwa wamefanyiwa ilibidi wengi wao warudishwe mezani ili utumbo uunganishwe upya. Fundisho la kwanza likawa hili: kupungua peke yake si kupona.

Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuja na njia nyingine mwaka 1966. Ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walipungua na kubaki wembamba. Mason akatenga kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Huo ndio mchepuko. Mwaka 1977 daktari Ward Griffen na wenzake waliuboresha kwa kutumia aina ya maungio iliyobuniwa na César Roux wa Uswisi katika karne ya 19, ili nyongo isipande kuunguza tumbo. Miaka ya 1990 ilileta matundu madogo na kamera badala ya kupasua tumbo zima, na hatari ikapungua sana.

Katikati ya hapo ulipita mkanda. Ni pete ya plastiki inayofungwa juu ya tumbo na kukazwa au kulegezwa kwa maji kupitia kidude kilicho chini ya ngozi. Ulipendwa sana kwa sababu haukati chochote. Miaka ilipopita, wengi walirudi hospitali kwa sababu mkanda umeteleza, au umekula ukuta wa tumbo, au uzito umerudi. Leo umeachwa karibu kila mahali. Naam, watu walioupenda mkanda walisema maneno yale yale niliyosema mimi kikaoni: hauna kisu.

Njia ya kukata tumbo, ambayo sasa ndiyo inayofanywa zaidi duniani, ilizaliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa hatua moja tu ya upasuaji mkubwa zaidi. Baadaye, kwa wagonjwa wazito mno ambao wasingestahimili saa nyingi za usingizi, madaktari waliifanya hatua hiyo peke yake kwanza, wakakusudia kumalizia mgonjwa akishapungua. Baadhi ya wagonjwa walipungua vya kutosha hata hatua ya pili haikuhitajika. Hapa kiasi cha robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa, likabaki mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi kichocheo cha njaa kilichogunduliwa mwaka 1999, hivyo hamu ya kula nayo hupungua. Ila kilichokatwa hakirudi. Na kwa mtu mwenye kiungulia kikali, mrija huo unaweza kukizidisha.

Puto nalo ni la muda. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6. Mtu hupungua, lakini puto likitoka, bila mabadiliko ya ulaji, uzito hurejea kwa wengi. Linamfaa ambaye unene wake haujafika mbali, au anayehitaji kupungua kwanza ili aweze kustahimili upasuaji.

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka huduma hizi alikwenda India au Afrika Kusini. Katika miaka hii ya 2020, Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila imezileta nyumbani. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kwenda kuongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2025, alitufanya hata vijiweni tuzungumze juu ya sahani zetu.

Na swali la baba mdogo, kwa nini asiache kula tu? Si swali la kijinga. Lakini mwili ulionenepa sana hupigania uzito wake: ukipunguza chakula, njaa huongezeka na matumizi ya nguvu hushuka. Nchini Sweden, tangu mwaka 1987, maelfu ya watu wanene walifuatiliwa, waliofanyiwa upasuaji wakilinganishwa na waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa pungufu kwa takriban robo miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji. Siku hizi zipo pia sindano za kupunguza uzito, ambazo nazo uzito hurudi kwa wengi wanapoziacha, na bei yake si ya kila mtu.

Nilimpigia dada simu nikamwomba radhi. Sikumtajia njia. Nilimwambia arudi kwa daktari na maswali manne: Kisukari changu kinaelekeza wapi? Nina ugonjwa gani mwingine unaozuia njia mojawapo? Nitameza vidonge gani, na kwa muda gani? Nani atanifuatilia baada ya mwaka wa kwanza?

Swali la pili ndilo lililofungua mlango. Daktari alimuuliza kama ana kiungulia. Dada alikuwa nacho miaka yote, akikitibu kwa maziwa na vidonge vya dukani, wala hakuwahi kukitaja kwa sababu aliona si ugonjwa. Alipopigwa kipimo cha kamera kooni, chini ya koo palikutwa pameungua. Kwa kiungulia cha namna hiyo, pamoja na kisukari, daktari alimwelekeza kwenye mchepuko. Alimweleza pia bei yake isiyolipwa kwa fedha: vitamini, madini ya chuma na ya chokaa kila siku maisha yake yote, vipimo vya damu kila mwaka, na kuepuka sukari nyingi kwa mkupuo, ambayo humfanya mtu atoke jasho na kizunguzungu.

Dada alifikiri siku kumi. Alisema jambo lililomsumbua si kisu, ni vidonge. Je, siku atakapozeeka na kurudi Lushoto, atavipata? Hilo ni swali la haki kwa mtu yeyote anayeishi mbali na Dar es Salaam, na ni heri liulizwe kabla ya kulala mezani. Mpwa wetu aliye muuguzi ameahidi kulibeba jukumu hilo.

Kikao cha pili kilifanyika Jumamosi iliyopita. Shamba haliuzwi. Litakodishwa misimu miwili, na dada ataongezea kutoka mtaji wake wa kabichi. Baba mdogo ndiye aliyetoa hoja hiyo. Kabla hatujafunga kwa dua alimwita dada pembeni, wakaongea wawili tu, sikuwasikia. Niliona tu kwamba walipoteremka kuelekea barabarani alimshika mkono, wakaenda polepole kwa mwendo wa magoti yake.

Ndugu msikilizaji, kama kwako yupo mwenye mzigo kama huo, usimcheke, na usimchagulie kwa haraka kama nilivyofanya mimi. Mpeleke kwa daktari bingwa, mkakae naye mumuulize. Hadi wiki ijayo, kwaheri.