Kufidiana kwa Misuli ya Mguu Iliyochoka: Hoja kwa Wabeba Maji wa Hasamba

Tangu Maloiy na wenzake walipochapisha katika jarida la Nature, mwaka 1986, vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, imezoeleka kudai kwamba aliyezoea kubeba mzigo kichwani halipi gharama yoyote ya nishati. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza oksijeni iliyotumika. Zaidi ya hapo gharama ilipanda. Tena wanawake hao walitembea juu ya mashine, pasipo mwinuko. Sasa tuje Hasamba, wilayani Mbozi, nchini Tanzania. Lita 20 za maji ni kilo 20. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni theluthi ya uzito wake, na kilima bado hakijahesabiwa. Kumwambia mama huyo kwamba mwili umeshazoea ni kumdhulumu kwa jina la sayansi.

Kipimo chenyewe kina kasoro. Oksijeni hujumlisha mwili mzima, haioneshi msuli upi unafanya kazi ya mwenzake. Kwamba misuli hufidiana, hakuna anayebisha. Mwaka 2002 Kouzaki na wenzake walionesha kuwa mtu akilinyoosha goti kwa nguvu ndogo sana kwa saa nzima, misuli ya mbele ya paja hupokezana zamu. Mwaka 2006 yeye na Shinohara wakaona kuwa kadiri zamu zinavyozidi, uchovu hupungua. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba kufidiana ni faida.

Ni faida, nakubali, misuli ikiwa inahudumia kiungo kimoja. Kazi ikihamia kiungo kingine, hesabu hubadilika. Sanno na wenzake, mwaka 2018, waliwakimbiza wakimbiaji 25, wa kujiburudisha na wa mashindano, kilomita 10 juu ya mashine. Kadiri umbali ulivyozidi, mchango wa kifundo cha mguu katika kuusukuma mwili ulipungua, na ule wa goti na nyonga ukaongezeka. Kasi haikubadilika. Mtazamaji wa pembeni asingeona uchovu wowote, ilhali shavu la mguu lilikuwa limeanza kushindwa. Shavu hilo limeunganishwa na kano ndefu ya kisigino, inayovutika mguu unapokanyaga na kurudisha sehemu ya nishati unapojisukuma. Misuli mikubwa ya nyonga haina kano ya namna hiyo. Nyuzi zake ni ndefu, na hutumia nishati nyingi zaidi kutoa nguvu ileile. Kwa hiyo anayefidia hulipa zaidi ya aliyefidiwa.

Itasemwa kwamba kukimbia si kubeba ndoo. Ni kweli, lakini Roberts na Belliveau walikwishaonesha mwaka 2005 kwamba kwenye mwinuko nyonga hubeba sehemu kubwa ya kazi hata kabla ya uchovu. Mpanda kilima anaanzia pale mkimbiaji wa tambarare anapoishia. Kwamba wakimbiaji wale hawakuwa Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, hakunishughulishi; kano haifanyi kazi kwa kufuata kabila.

Huenda basi sehemu ya maumivu ya magoti na nyonga yanayohesabiwa kuwa ya uzee huanzia kwenye shavu la mguu. Mhudumu wa zahanati anaweza kulipima bila mashine: mgonjwa asimame kwa mguu mmoja, anyanyue kisigino mpaka ashindwe, asubuhi kisha jioni. Na Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, iliyoweka kituo cha maji ndani ya mita 400, ilihesabu umbali peke yake. Halmashauri zenye vilima zipime na mwinuko.