Mwanza Ilipokuwa Mwisho wa Safari ya London

Ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya dunia, kutoka London hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 6,800. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanzisha safari ya kila wiki kuja Mwanza, njia yake ilikuwa ndefu zaidi: kama kilomita 8,200. Ndege za wakati ule hazikubeba mafuta ya kufika mbali, na usiku zililala. Marubani walikuja vituo kwa vituo, na walipofika Misri wakaushika Mto Naili kuelekea kusini, kama mtu mgeni anavyofuata reli ili asipotee.

Kuanzia Khartoum, mizigo ya barua ilihamishiwa kwenye Short Calcutta, ndege yenye tumbo la mashua na injini tatu, iliyokwenda mwendo wa kilomita kama 160 kwa saa. Ilitua majini: Malakal, Juba, Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha Port Bell, Kisumu na mwisho Mwanza. Uwanja wa nchi kavu unataka watu wafyeke pori, wang'oe visiki na kusawazisha ardhi. Ziwa lilikuwa tayari. Hatari yake ilikuwa ya aina nyingine, maana gogo moja linaloelea linatosha kutoboa tumbo la ndege inayogusa maji kwa kasi.

Kwa hiyo barua iliyotiwa stempu London ilikuwa na kituo chake cha mwisho kwenye ufuko wa Wasukuma. Naona jambo hili linastahili kukumbukwa zaidi kuliko tunavyolikumbuka. Lakini halikudumu hata mwaka. Januari 1932 njia ilisogezwa hadi Cape Town, ikakata kutoka Kisumu kupitia Nairobi, na Mwanza ikaachwa pembeni. Abiria walipoanza kupanda njia hiyo nzima Aprili mwaka huo, safari ilichukua siku kama kumi.

Miaka ishirini baadaye siku ziligeuka saa. Usiku wa tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, aliyekuwa amepata habari akiwa Kenya kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia wa Uingereza, aliondoka Entebbe kwa ndege ya panga boi. Ilibidi itue El Adem, Libya, kujaza mafuta, na alifika London kesho yake alasiri. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 2 Mei, Entebbe ikapokea kitu kipya kabisa: Comet ya shirika la Uingereza la BOAC, katika safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli. Ilitoka London ikiwa na watu 36, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia.

Ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na wote waliokuwamo wakafa. Bati la mwili wake lilikuwa limechoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa kila safari.

Leo kutoka Nairobi hadi London ni saa nane na nusu hadi tisa, bila kutua popote. Msafiri wa Mwanza bado huanza kwa kuunganisha ndege, na uwanja anaoondokea uko kando ya ziwa lilelile.