Mashindano ya masomo: mtoto anapata nini katika dikte na hesabu ya kuzidisha?

Trimestri ikikaribia kuisha, shule mingi za msingi za Bukavu, Goma, Uvira, Bunia na kwingineko mashariki ya Congo zinatengeneza mashindano. Kalasi inapimana na kalasi, shule na shule jirani. Mtoto anasimama mbele ya watu, anapewa neno la Kifaransa alitaje herufi kwa herufi, ama anaulizwa « 7 mara 8 » na sherti ajibu upesi. Mashindano ya maswali, yale ya Génies en herbe, yanajulikana sana pia hapa kwetu. Jina hilo lilitoka kwenye kipindi cha televisheni cha Canada kilichoanza mwaka wa 1972. Mshindi anapata kaye, biki, pengine na mfuko wa shule, na wazazi wanapiga makofi.

Baada ya makofi, je, watoto wa kalasi nzima wanaandika na kuzidisha vizuri kuliko mbele? Ndiyo, kama mashindano yamewafanya wote wajizoeze. Hapana, kama yamechagua wawili tu na kuwaacha wengine wakae kutazama.

Nini njo inafundisha?

Mtoto anajifunza katika zile wiki za kujitayarisha, kuliko siku yenyewe ya mashindano. Mwaka wa 2006, wachunguzi wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma tena, wengine waliyafunika na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudilia kusoma walionekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini baada ya wiki moja, waliojipima wenyewe njo walikumbuka mingi zaidi.

Ndiyo maana kuulizwa maswali kunasaidia: akili inatafuta jibu, na kutafuta huko kunalikaza. Lakini sherti kurudiliwa. Dakika 10 kila siku kwa wiki tatu zinafaa kuliko usiku mmoja mzima wa kukariri mbele ya mashindano.

Dikte: kwa nini Kifaransa kinasumbua watoto wetu?

Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani amezoea kuandika vile anavyosikia. « Kaka », « ndizi », « mlango »: kila herufi ina kazi yake. Kifaransa hakiko hivyo. « Eau », « au » na « haut » zinasikika sawasawa, lakini kila moja ina maandishi yake. Katika « temps », p na s zinaandikwa bila kusikika. Njo maana mtoto anaandika « biro » kwa « bureau »: ameandika neno vile linavyosemwa kwao. Akili anayo, kinachomkosa ni kuliona neno hilo mara mingi.

Hapa mashindano ya kutaja herufi yanasaidia kwa maneno magumu, juu yanamlazimisha mtoto kuliangalia neno vizuri. Lakini yana mpaka. Mtoto anaweza kutaja « enfant » bila kosa, kisha katika dikte akaandika « les enfant joue », juu hakuna sikio linalosikia ile s na ile -ent. Makosa ya namna hiyo yanasahihishwa kwa kuandika sentensi nzima na kueleza kwa nini. Kwa hiyo mashindano mazuri yawe na sehemu ya kuandika, si ya kinywa peke yake.

Sheria ya elimu ya mwaka wa 2014 inakubali lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo, zitumiwe katika mafundisho. Mwalimu anaweza basi kueleza kanuni ya Kifaransa kwa Kiswahili, mtoto aelewe kwanza.

Kuzidisha: kazi si kubwa kama inavyoonekana

Kutoka 1 mara 1 mpaka 10 mara 10, kuna majibu 100. Mtoto akiona orodha hiyo, anaogopa. Lakini 3 mara 8 na 8 mara 3 ni jibu moja: zinabaki 55. Toa za 1 na za 10, ambazo ni rahisi: zinabaki 36. Toa za 2 na za 5, ambazo watoto wanashika upesi: zinabaki 21 tu. Hizo 21 njo za kufanyia kazi, mbili ama tatu kwa siku.

Na asiyekumbuka awe na njia. 7 mara 8? Afanye 7 mara 4, ni 28, kisha 28 na 28, ni 56. Mtoto aliyekariri bila njia, akisahau, amekwama. Tena akifika mwaka wa 6 anahesabu na vidole, muda wa ENAFEP unamwishia mbele ya kumaliza.

Fasi mashindano yanaharibu

Kuna watoto wanaojua, lakini mbele ya watu wanasahau yote. Mwaka wa 1985, uchunguzi uliofanyika Recife, nchini Brazil, ulionesha kama watoto wauzaji wa njiani walihesabu vizuri sana wakiuza, lakini walikosea mingi walipopewa hesabu zilezile kwenye karatasi kama za shule. Hata sokoni kwetu, mtoto anayeuza mandazi anajua upesi kama 7 ya franka 200 ni franka 1 400. Basi asiyejibu kwenye jukwaa asiitwe mjinga. Kumcheka kunamfundisha kitu kimoja tu: kunyamaza.

Shida ya pili ni wingi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka wa 2019, kalasi mingi zimejaa. Mwalimu akitayarisha wawili wa kwanza tu, ni walewale watazidi kwenda mbele. Na kukiwa franka za kulipa ili kushiriki, mtoto wa maskini anabaki mlangoni.

Namna ya kuyatengeneza

• Kalasi igawanywe katika vikundi vya watoto 5 ama 6, wenye nguvu na wazaifu pamoja.
• Pwen za kikundi zitoke kwa wote; anayejibu achaguliwe kwa kura, kusudi kila mmoja ajitayarishe.
• Orodha ya maneno itolewe wiki tatu mbele.
• Kuwe zawadi pia kwa aliyeendelea kuliko mwezi uliopita.
• Baada ya mashindano, makosa yasahihishwe ubaoni, na maneno yaleyale yaulizwe tena mwezi unaofuata.

Na mzazi?

Hata mama ama baba ambaye hakusoma Kifaransa anaweza kusaidia. Ashike kaye, amwambie mtoto aangalie neno, alifunike, aliandike, kisha walinganishe pamoja, herufi kwa herufi. Kuzidisha kunaweza kuulizwa wakati wa kuteka maji ama kuchambua maharagi. Mtoto akikosea, apewe jibu polepole, na jioni aulizwe tena.