Historia Iliyo Nyuma ya Chupa

Katika duka la dawa la mtaani, iwe Temeke jijini Dar es Salaam au Eastleigh jijini Nairobi, mwenye kuumwa kichwa haondoki na chupa. Muuzaji huchukua mkasi, hukata vidonge sita kutoka kwenye pakiti, huvitia ndani ya bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake 2x3. Kisha humalizia kwa mdomo: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, na ule kwanza. Tanzania ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili yachukue nafasi ya yale ya dawa baridi, mkazo mkubwa uliwekwa katika kumfunza huyo anayesimama kaunta, kwa kuwa maelezo yote humtegemea yeye.

Familia inayotoka huko ikahamia Lewisville, mji wa kaunti ya Denton ulio kilomita 40 hivi kaskazini ya Dallas, Texas, hukuta mambo yamegeuzwa. Dawa za maumivu zimepangwa kwenye rafu ndefu, hatua chache kutoka kwenye sabuni na mikate, na chupa moja huweza kuwa na vidonge mia mbili au zaidi. Mfamasia yupo, lakini yuko mwisho wa duka, na wengi hulipa wakaenda zao bila kumsalimu. Maneno ya muuzaji yamehamia nyuma ya chupa, kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Wachache huyasoma. Ni hasara, maana karibu kila mstari pale una tarehe yake na watu walioumia kabla haujaandikwa, na baadhi ya watu hao walilazwa Dallas.

Rafu yenyewe ina historia. Sheria iliyotenganisha waziwazi dawa za cheti cha daktari na zile za kununuliwa na yeyote ilipitishwa Marekani mwaka 1951. Walioipigania, Carl Durham na Hubert Humphrey, wote wawili walikuwa wafamasia kabla ya kuwa wanasiasa. Humphrey alikuja kuwa makamu wa rais chini ya Lyndon Johnson, mtu wa Texas. Wakati huo mfalme wa rafu alikuwa aspirini. Felix Hoffmann aliitengeneza katika maabara ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897, na miaka miwili baadaye jina lake likasajiliwa. Watu waliimeza kwa zaidi ya miaka sabini kabla ya kujua inafanya nini mwilini.

Jibu lilitolewa London mwaka 1971 na John Vane. Sehemu ya mwili inapojeruhiwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazovimbisha na kuifanya neva ihisi maumivu upesi. Aspirini huzuia utengenezaji wake. Vane alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ila prostaglandini zina kazi nyingine pia: hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na husaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kwa hiyo kidonge kinachotuliza goti ndicho hicho hicho kinachoweza kutoboa tumbo. Ibuprofeni, iliyogunduliwa na Stewart Adams wa kampuni ya Boots huko Nottingham mwaka 1961 na kuruhusiwa kuuzwa bila cheti Marekani mwaka 1984, hufuata njia hiyo hiyo. Diklofenaki pia ni ya ukoo huo. Mtu aliyebeba diklofenaki kutoka nyumbani, ambako hupatikana kwa urahisi, kisha akaongezea ibuprofeni ya Texas kwa kuwa mgongo haujaachia, hajapata nguvu mara mbili. Amelizidishia tumbo na figo mzigo. Marekani vidonge vya diklofenaki bado vinahitaji cheti.

Parasetamoli ilichelewa kupata heshima. Mkemia Harmon Northrop Morse wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliitengeneza mwaka 1878, ikajaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1890, kisha ikawekwa kando kwa kudhaniwa ina madhara zaidi kuliko dawa nyingine za wakati wake. Ilisubiri hadi mwaka 1948, Bernard Brodie na Julius Axelrod walipoonyesha huko New York kwamba dawa nyingine ya zamani, asetanilidi, ilikuwa ikituliza maumivu kwa sababu tu mwili huigeuza kuwa parasetamoli. Mwaka 1955 kampuni ya McNeil ya Pennsylvania iliitoa kama dawa ya maji ya watoto, ikaiita Tylenol. Mwaka 1956 Waingereza wakaitoa kama Panadol. Afrika Mashariki ilifuata Waingereza, na ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam husimama mbele ya rafu ya Lewisville akitafuta Panadol aliyoizoea, huku imejaa mbele yake kwa jina la acetaminophen. Haisumbui tumbo kama aspirini, haipunguzi sana uvimbe, na kazi yake kubwa inaonekana kufanyika katika ubongo na uti wa mgongo, ingawa wanasayansi bado wanabishana jinsi hasa inavyofanya.

Kifuniko kigumu kwa mtoto kukifungua kilitokana na sheria ya mwaka 1970. Karatasi inayoziba mdomo wa chupa ilitokana na Chicago, Septemba 1982, pale mtu asiyejulikana alipotia sianidi katika vidonge vya Tylenol madukani na watu saba wakafa. Mwenye McNeil wakati huo, kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Novemba 2025 Kimberly-Clark, kampuni yenye makao Irving, kusini tu ya Lewisville, ilitangaza makubaliano ya kuinunua Kenvue, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mwenye Tylenol.

Mstari unaotisha zaidi kwenye chupa, ule wa ini, ndio unaogusa Dallas. Parkland ni hospitali ya umma ya kaunti ya Dallas. Dunia inaikumbuka kwa sababu Rais Kennedy alikimbizwa huko Novemba 1963. Kwa madaktari wa ini ina sifa nyingine. Mwaka 1997 William Lee na wenzake wa UT Southwestern, chuo cha tiba kinachofundishia hapo, walichapisha katika New England Journal of Medicine taarifa za wagonjwa 71 waliolazwa Parkland kwa sumu ya parasetamoli katika miezi 40. Hamsini walikuwa wamekusudia kujidhuru. Ishirini na mmoja hawakukusudia. Walikuwa wakitafuta nafuu ya maumivu. Mtu angetarajia hawa 21 wapone upesi, kwani kwa kawaida walikuwa wamemeza kiasi kidogo zaidi. Ikawa kinyume. Walikufa wanne kati ya 21, na mmoja kati ya 50.

Sababu ni muda, pamoja na pombe. Ini huvunja sehemu kubwa ya parasetamoli bila taabu, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali kali, na ini huizima kwa akiba yake ya glutathioni. Dozi zikirundikana, akiba huisha, na ile kemikali hugeukia seli za ini lenyewe. Unywaji wa pombe wa muda mrefu na siku za kutokula vizuri huipunguza akiba mapema. Siku ya kwanza mtu huhisi kichefuchefu tu, pengine hata hicho hakuna. Aliyekusudia hufikishwa hospitali haraka na ndugu waliogutuka, akapewa asetilisistini, dawa ya kuzima sumu hiyo iliyothibitishwa na madaktari wa Edinburgh na kwingineko miaka ya 1970, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa nane. Aliyejizidishia dozi kwa kujaribu kutibu jino hufika siku ya tatu, macho yakiwa ya njano, na hata hapo hataji Tylenol kwa sababu haioni kuwa dawa ya kutajwa.

Mwaka 1998 Lee alianzisha kikundi cha hospitali nyingi za Marekani cha kufuatilia watu ambao ini lao hufeli ghafla, chenye makao Dallas. Matokeo ya mwaka 2005 yaliwashtua wengi: kati ya wagonjwa 662 wa hospitali 22, wale wa parasetamoli walikuwa 275, yaani asilimia 42. Karibu nusu yao hawakukusudia. Na katika hao wasiokusudia, asilimia 38 walikuwa wakitumia bidhaa mbili au zaidi zenye dawa hiyo kwa wakati mmoja, huku wengi wakitumia vidonge vikali vya cheti ambavyo ndani yake parasetamoli imechanganywa na dawa jamii ya afyuni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nalo ni tatizo la rafu kuliko la kidonge. NyQuil ya mafua ina parasetamoli. Excedrin ya kichwa ina parasetamoli na aspirini na kafeini. Vidonge vya daktari wa meno vinaweza kuwa nayo, imefupishwa kwenye chupa kuwa APAP. Anayemeza vyote vitatu anadhani ametumia dawa tatu.

Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru onyo la ini liandikwe wazi. Januari 2011 iliwataka watengenezaji wa mchanganyiko wa cheti wasizidishe miligramu 325 katika kidonge kimoja, ikawapa miaka mitatu. Mwaka huo huo McNeil iliteremsha kikomo cha Tylenol ya miligramu 500 hadi vidonge sita kwa saa 24, na dawa ya maji ya watoto wachanga ikaachana na ule ujazo mzito uliowachanganya wazazi. Sasa ni miligramu 160 kwa mililita 5, sawa na ya watoto wakubwa. Vidonge vya miligramu 500 havikuondolewa madukani, na dawa za mafua zilibaki zilivyokuwa.

Aspirini nayo ina onyo lake la tangu mwaka 1986: isipewe mtoto au kijana mwenye mafua au tetekuwanga, kwa kuhofia ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini. Lebo ya Texas haitaji homa ya dengi, lakini anayerudi likizo Dar es Salaam, iliyopata milipuko mwaka 2014 na 2019, afadhali ajue kwamba kwa homa hiyo hutumika parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni huzidisha hatari ya kuvuja damu.

Kwa anayehofia kuwa amezidisha dozi, kituo cha kushughulikia sumu cha kaskazini ya Texas kiko Parkland hiyo hiyo. Namba 1-800-222-1222 hufanya kazi nchi nzima, usiku na mchana, bila malipo, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani. Mpokeaji huuliza dawa iliyoandikwa kwenye chupa, nguvu ya kidonge, uzito wa mgonjwa na saa aliyomeza. Hahitaji dalili ziwe zimeanza.