Kutoka Lakiri ya Pampu Hadi Ramani ya Injini

Mwenye gari akifika kwenye gereji mjini Makambako akasema kwamba gari lake halivuti, fundi humwelewa mara moja. Kuvuta ni neno la kamba, la jahazi na la ng'ombe wa jembe. Lilipohamia kwenye injini halikuhitaji mfasiri. Lakini mtu yule yule akielezwa kwamba dawa ya gari lake ni kubadili tarakimu zilizomo ndani ya kompyuta ya injini, mazungumzo hukatika. Fundi husema, "Mzee, tutaliongeza nguvu," mwenye gari huitikia, na hakuna hata mmoja kati yao anayekuwa amekitaja kitu kinachobadilishwa. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya maneno ya nguvu za injini katika sehemu za Njombe, Makambako na Mdandu, na kuonyesha kwamba neno tunalolikosa tunalo tayari, tena ni neno la mabaharia.

Yafaa tuanze na hewa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako na Mdandu pia ni nchi ya miinuko. Katika kimo cha mita 2,000 mgandamizo wa hewa hupungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganishwa na ule wa Dar es Salaam. Injini huishi kwa kuchoma mafuta ndani ya hewa. Hewa ikipungua, mafuta yanayoweza kuchomwa sawasawa hupungua, na nguvu hupungua nayo. Hivyo lori lililopanda kutoka pwani likiwa na nguvu zake zote hufika Ubena likiwa limepoteza sehemu kubwa ya nguvu hizo, hata kama halina ubovu wowote. Jambo hili madereva walilijua kwa miguu yao, kwa kukanyaga, kabla hatujalisoma vitabuni.

Walilijua hasa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na njia ya Zambia ya kusini ikawa ya mashaka. Mafuta ya Zambia na shaba yake vikaelekezwa Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na ambayo madereva wa Kiingereza waliifananisha na Jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, iliyotumia malori ya Fiat kutoka Italia. Kila lori lililokwenda Tunduma lilipita Makambako. Hapo ndipo lugha ya gereji ya sehemu hii ilipopata unene wake: utingo, klachi, gia, rejeta, nozo, pampu. Hatudai kwamba maneno haya yalizaliwa Makambako, la hasha; lakini barabara ile iliyafanya kuwa mali ya watu wa bara, pamoja na vijana wa Mdandu ambao hawakuwa wamewahi kuiona bandari.

Neno pampu linastahili tulisimamie kidogo. Kabla yake tulikuwa na bomba, neno lililotoka kwa Wareno na ambalo katika lugha yao ndilo pampu yenyewe. Kwetu bomba limeteleza polepole kutoka kwenye chombo kinachosukuma maji hadi kwenye mrija unaopitisha maji, na nafasi iliyoachwa wazi ikachukuliwa na pampu ya Kiingereza. Fundi wa dizeli hasemi bomba la mafuta akikusudia pampu. Angesema hivyo, mwanafunzi wake angemletea mpira.

Pampu ya dizeli, ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, ndiyo iliyokuwa akili ya injini kwa zaidi ya nusu karne. Ndani yake mlikuwa na skrubu inayoweka mpaka wa mafuta. Ukiizungusha kidogo, injini hupewa mafuta zaidi na huvuta zaidi. Ukiizungusha mno, hutoa moshi mweusi, joto hupanda na pistoni huungua. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliifunga skrubu hiyo kwa waya na lakiri ya risasi. Fundi aliyetaka kuiongeza alilazimika kuikata lakiri, na tangu siku hiyo kila aliyefunua boneti aliona kwamba imekatwa. Vitenzi vya kazi hiyo vyote vilikuwa vitenzi vya mkono: kufungua, kukaza, kulegeza, kuongeza. Vilitosha, kwa kuwa kitu chenyewe kilishikika na ushahidi wake ulionekana kwa macho.

Kisha ikaja tabo. Chombo hiki, kinachotumia moshi unaotoka ili kuzungusha feni ya kushindilia hewa inayoingia, kilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyekipatia hataza mwaka 1905. Neno lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni kitu kizungukacho kwa kasi, kama pia ya watoto au kisulisuli. Mwanaistilahi mwenye shauku angeweza kukiita chombo hiki kisulisuli, na lingekuwa neno zuri. Lakini mafundi walikwisha kusema tabo, na katika kazi yetu hatuna budi kukubali kwamba neno lililokwisha kuchafuka kwa grisi haling'oki kwa urahisi.

Nyanda za Juu zilikihitaji chombo hiki kuliko pwani. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilionyesha jambo hilo kwa kiwango kikubwa. Sehemu ya Mlimba hadi Makambako ndiyo ngumu kuliko zote katika njia hiyo, yenye mahandaki na madaraja mengi, na vichwa vya treni vya kwanza vilielemewa na mpando wake. Mwaka 1983 vikaanza kuletwa vichwa vya aina ya U30C, vya usanifu wa General Electric, vyenye injini kubwa za tabo. Mwaka uliofuata, 1984, gari la Toyota Celica lenye tabo likashinda mashindano ya Safari nchini Kenya, likashinda tena 1985 na 1986, na jina la tabo likaingia vinywani mwa vijana ambao hawakupata kushika spana.

Wakati huo huo, mbali na macho yetu, skrubu ilikuwa inaondoka. Mwaka 1979 Bosch ilitoa mtambo uitwao Motronic, ambamo kompyuta moja ilipima petroli na pia kuamua wakati wa cheche. Malori na pikapu za dizeli zilifuata katika miaka ya 1990. Katika injini hizi sensa hupima mwendo, joto na mgandamizo wa hewa. Kompyuta huchukua vipimo hivyo na kwenda kutazama katika safu za tarakimu zilizohifadhiwa ndani yake. Mwendo wa injini kwa upande mmoja, mzigo kwa upande wa pili, na pale mistari miwili inapokutana pana tarakimu moja: mafuta kiasi gani, yaingie wakati gani, tabo ishindilie hewa hadi wapi. Mara nyingi katika kila sekunde kompyuta husoma safu hizo na kutii.

Anayetaka nguvu zaidi sasa habadili chuma. Hubadili tarakimu. Hapo mwanzo ilibidi kung'oa chipu ya kumbukumbu, kuifuta kwa miali ya urujuanimno na kuiandika upya. Baadaye ikatosha kuchomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani, kuzisoma tarakimu zote, kuzibadili katika kompyuta nyingine na kuzirudisha. Kazi huweza kumalizika kabla chai haijapoa, na gari hutoka likivuta kwelikweli. Tusiwadhanie mafundi hawa kuwa wadanganyifu. Kiwanda huacha akiba kwa ajili ya mafuta mabaya, joto kali na sheria za moshi, na baadhi ya akiba hiyo yaweza kutumiwa na mtu ajuaye.

Ila akiba hiyo haiko sawa kila mahali, na hapa kimo cha Njombe kinarudi. Tuchukue mfano wa tabo inayotakiwa kuijaza injini hewa yenye mgandamizo maradufu ya ule wa pwani. Pwani hushindilia mara 2. Njombe, kwa kuwa hewa inayoanza nayo ni hafifu, ni lazima ishindilie mara 2.5 ili kufika pale pale, na kwa hiyo izunguke kwa kasi zaidi na itoe hewa yenye joto zaidi. Tarakimu zilizopangwa kwa ajili ya barabara za usawa wa bahari, zikinakiliwa tu na kutiwa katika pikapu inayobeba viazi kutoka Mdandu, huweza kuiua tabo ambayo pwani ingeishi miaka mingi.

Mwandishi alipata kukutana na mkulima wa sehemu hizo aliyenunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika. Ilivuta kupita kiasi, naye akafurahi. Katika muda usiotimia mwaka tabo ilivunjika. Akanunua nyingine, nayo ikavunjika. Nozo zikabadilishwa, pampu ikabadilishwa, mahindi ya msimu mzima yakaishia kwenye vipuri. Fundi wa nne ndiye aliyesoma tarakimu na kukuta kwamba si zile za kiwandani. Nani alizibadili, na katika gereji ipi, haikujulikana kamwe. Nilimwuliza mkulima kwa nini siku ya kununua hakumwuliza aliyemwuzia. Akajibu, "Ningeuliza nini, mwalimu?"

Jibu hilo ndilo shauri letu lote. Zamani angeuliza habari za lakiri, na hata asingeuliza angeiona. Lakiri ya siku hizi haionekani, na kisichoonekana hakina ulinzi mwingine ila jina. Vitenzi vya mkono vimebaki, fundi bado "anaongeza" na "anafungua", lakini nomino imepotea.

Majina yaliyopo hayatoshi. Mafundi wengi hukiita kisanduku chenyewe kontroli boksi, na hilo ni jina la chombo, si la kilichomo. Kompyuta ya injini ni afadhali. Kwa upande wa Tanzania mashindano ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi yamekwisha kwa matumizi, na si kazi ya makala haya kuyafufua. Lakini kompyuta nayo ni chombo. Kilichobadilishwa katika pikapu ya mkulima yule ni ile safu ya tarakimu. Jedwali lingefaa kwa umbo, maana safu hizo ni jedwali hasa. Kasoro yake ni kwamba jedwali hukaa tu: jedwali la kuzidisha haliongozi mtu popote. Tarakimu za injini huongoza. Kompyuta huziendea kila mara ili kujua ielekee wapi.

Kwa hiyo twapendekeza ramani. Tunajua kwamba Waingereza nao hutumia neno la namna hiyo, na tunajua pingamizi litakalotolewa: kwamba ramani ni mchoro, wa nchi au wa nyumba, na ndani ya injini hakuna mchoro. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ramani ingekuwa imeanza kwa kuwa mchoro. Haikuanza hivyo. Neno letu linarejea kwenye rahmani ya manahodha wa Kiarabu, nayo yatokana na Kiajemi, lugha ambamo lilikuwa na maana ya kionyesha njia. Rahmani ilikuwa kitabu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia za bahari hadi pwani ya Sofala, aliwataja waandishi wa rahmani waliomtangulia na kuwakosoa. Katika vitabu vya namna hiyo nahodha alipata vimo vya nyota, pande za dira na masafa: ukiwa mahali fulani, na nyota fulani iko kimo fulani, elekea huku. Alipima, akatazama katika kitabu, akageuza usukani. Kompyuta ya pikapu haifanyi zaidi ya hayo. Basi ramani kwa maana ya injini iko karibu na asili ya neno kuliko ramani inayotundikwa ukutani darasani.

Faida nyingine ni kwamba neno hili huzaa bila taabu. Ramani ya kiwandani ni ile iliyokuja na gari. Ramani iliyobadilishwa haihitaji maelezo. Kazi yenyewe twaweza kuiita kupanga upya ramani ya injini. Ni ndefu kidogo, na huenda mafundi wataifupisha wakasema kupanga ramani, nasi tusiwazuie. Tungependa kuwazuia jambo moja tu, kusema "kuongeza nguvu" na kuishia hapo, kwa kuwa hilo ni jina la ahadi wala si jina la kazi.

Limebaki suala la stakabadhi. Katika gereji nyingi za barabarani mwenye gari hupewa kipande cha karatasi kilichoandikwa "sevisi" na bei. Lingeongezwa pale neno "ramani", na mbele yake "ya kiwandani" au "imebadilishwa", pamoja na tarehe na kimo cha mahali gari linapofanyia kazi, karatasi hiyo ingekuwa ndiyo lakiri mpya, na mnunuzi wa Mdandu angekuwa na cha kuuliza.